Jaribu dawa ya mchwa kabla hujapaua

Mwaka nilioweka uzio nyumbani, Dodoma vijijini, muuzaji wa dawa alinimalizia ubishi kwa kuwamwagia mchwa palepale. Walikufa tunaangalia. Nikanunua, nikapaka mirunda yote. Mwaka haujaisha, nikagonga mrunda mmoja kwa kisu ukalia kama debe tupu. Gamba la nje zima, ndani udongo mtupu.

Kumbe kuua mchwa aliye mbele yako si kulinda mbao. Wenzake wako kwenye kichuguu, nao watakuja wiki ijayo na mwezi ujao, dawa ikiwa imeshakaa juani na kunyeshewa. Unachotakiwa kujua ni kama itakuwa bado ina nguvu siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kupaua nilikata vipande 12 kutoka ubao mmoja wa paini. Vinne nikapaka oili chafu, vinne nikaloweka siku nzima kwenye dawa, vinne nikaviacha hivyohivyo. Nikavichanganya, nikavifukia nusu karibu na kichuguu, na kila mwezi nikaving'oa na kuvichoma kwa ncha ya kisu. Hivyo visivyo na dawa usiviache kamwe: visipoliwa, jua hapo hapana mchwa wa kutosha, na jaribio lako halijakuambia kitu.

Kwangu vililiwa mapema. Vya oili vilivumilia kiangazi, mvua za Desemba zilipokolea vikaanza kuliwa. Vilivyolowekwa vilisimama, isipokuwa kimoja. Nikakipasua: mchwa waliingilia kwenye ncha niliyoichonga kwa panga baada ya kukiloweka, wakapanda katikati hadi juu. Dawa huingia kidogo tu kwenye mbao. Ukikata baadaye umewafungulia mlango. Mwambie fundi akate kenchi zote kwanza, ndipo mloweke, na kila panapokatwa tena papakwe palepale.

Dukani soma kibandiko, uone jina la kemikali na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu Tanzania. Permethrin na bifenthrin huwafukuza mchwa. Fipronil hawaihisi, hubeba na kuambukizana. Ukiletewa aldrin au dieldrin, kataa: zimepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001, na hudumu kwenye udongo miaka mingi.

Vaa glavu, usilowekee karibu na kisima. Na vipande vinavyobaki, tafadhali, visiingie jikoni. Nimeona mama akivikusanya awashie moto wa uji wa mtoto, na hakuna aliyekuwa amemwambia.