Nukta Nne Kwenye Bango la Fundi

SWALI: Nina chumba cha ushonaji Mwanjelwa, nashona suti na magauni ya sendofu. Nimeamua kukiita Posh. Mchora mabango kaandika P.O.S.H., kila herufi na nukta yake, akidai ni kifupi cha maneno ya mabaharia wa Kiingereza. Mteja mmoja naye kashikilia hivyohivyo. Nukta zibaki? – Fundi cherehani, Mbeya

JIBU: Zifutwe, fundi. Neno hilo si kifupi cha chochote. Ni neno kamili la Kiingereza cha mtaani, kwa maana ya kitu cha hali ya juu, cha watu wenye nazo.

Hadithi ya mchoraji wako ni maarufu. Inadaiwa kwamba kwenye meli za kampuni ya P&O zilizokwenda India, matajiri walipewa vyumba vya kushoto wakati wa kwenda na vya kulia wakati wa kurudi, wakwepe jua, na tiketi zao zikagongwa muhuri wa herufi hizo: "Port Out, Starboard Home".

Hebu tulipime jua lenyewe. Meli ikielekea mashariki, kushoto kwake ukitazama omo, yaani mbele ya meli, ni kaskazini. Jua likiwa kusini, upande huo una kivuli kweli. Lakini kati ya Aden na Bombay meli iko kwenye nyuzi 12 hadi 19 kaskazini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri limeshapanda hadi nyuzi 23 kaskazini. Limeipita meli, linachoma chumba kilekile cha kushoto. Mbeya tunaliona jambo hili kila mwaka: kivuli cha saa sita mchana huangukia kusini mwezi Juni, na Desemba kikahamia kaskazini. Tena kwenye Bahari ya Shamu meli haiendi mashariki, inashuka kusini. Kushoto hupata jua la asubuhi, kulia la jioni. Basi msafiri wa Juni angekuwa amelipia joto.

Muhuri nao, haijaonekana tiketi hata moja iliyogongwa. Kinachokata mzizi wa fitina ni tarehe. Katika miaka ya 1830 neno hili lilikuwa lugha ya wezi wa London, kwa maana ya pesa, hasa sarafu ndogo. Wanaisimu wengi hulihusisha na neno la Kiromani, lugha ya Wajipsi, lenye maana ya nusu, lililotumika kutaja nusu peni. Kamusi ya misimu ya mwaka 1890 inalitaja kwa maana mbili, pesa na mlimbwende. Mwaka 1914 askari wa farasi wa Uingereza walilitumia kwa mavazi bora kuliko yale ya kugawiwa jeshini (hapo, fundi, ndipo neno lilipoingia kwenye kazi yako), na 1918 likachapwa katika jarida la vichekesho la Punch. Hadithi ya vyumba vya meli ilikuja kuandikwa mwaka 1935. Kifupi hakiwezi kuzaliwa miaka 45 baada ya neno kuingia kwenye kamusi.

Mtu akikuletea asili ya neno kwa kulipasua herufi moja moja, muulize kwanza neno lilichapwa lini, kisha hadithi yake ilichapwa lini. Nyingi huanguka hapo.

SWALI: Je, posh ina undugu na posho? Zote zinanukia pesa. – Msomaji, Mafinga

JIBU: Hazina. Posho ni ya kwetu. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 waligawiwa posho ya nafaka, ikipimwa kwa kibaba. Baadaye ikawa unga wa vibarua, na ndiyo maana Uganda ukiomba posho utaletewa ugali. Posho ya kikao ni mjukuu wa kibaba kile. Sauti zimekutana tu.

SWALI: Kwa nini fundi asitumie Kiswahili? Kishua, mtanashati, kifahari, maridadi, yote si yaleyale? – Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Si yaleyale, mwalimu. Mtanashati ni mtu tu; shati haliwezi kuwa mtanashati. Kifahari hufaa nyumba, gari na hoteli. Kwenye gauni la sendofu linazidi kipimo. Kishua linataja malezi na pesa za kwao kuliko nguo, na mara nyingi lina kijembe ndani yake: ukimwita mteja mtoto wa kishua, anaweza kucheka, anaweza pia kuondoka na kitambaa chake. Maridadi ndilo jepesi kubeba. Halibadiliki, iwe mtu maridadi, suti maridadi au viatu maridadi, na halimpimi mtu mfuko.

Fundi akibaki na Posh, asikubali mchoraji aligeuze liwe Poshi. Mwanjelwa watu husoma bango wakiwa kwenye bajaji; nusu yao wataona Pochi, waingie kuulizia mikoba.