Dhahabu Yangu Iliitwa Haradali

Juzi usiku, nikitoka zamu, nilikuta ujumbe wa kijana mmoja wa Nairobi. Ameambatanisha picha ya kisanamu alichokipaka rangi, askari wa Custodes, wale walinzi wa mfalme katika mchezo wa mezani wa Warhammer, deraya yote dhahabu kuanzia utosini hadi kwenye soli, na chini yake kaandika: “Kaka, mbona yangu inafanana na geti la ukumbi wa harusi?”

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha kicheko kikaniishia, maana yangu mimi iliwahi kuitwa jina baya zaidi, tena mbele ya watu. Basi nimjibu hapa hapa, na wengine wenye ugonjwa huu wasikie.

Ilikuwa 2022, mashindano madogo ya klabu, kwenye ukumbi wa jumuiya katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Nilikuwa na miaka minne ya kupaka visanamu na kwa akili zangu nilikuwa nimeiva. Nilikuwa nimemaliza wiki sita na Custodes mmoja, askari aliyesimama kwenye kitako cha milimita 40, na sikumtilia rangi ya metali hata tone. Nilitaka ile ambayo wenyewe tunaiita NMM, metali bila metali: unalidanganya jicho kwa kahawia, manjano na nyeupe za kawaida mpaka lione dhahabu. Wiki sita! Mama Salma alifikia kuniuliza kama huyo mtu analipwa mshahara.

Mwamuzi alikuwa mzee mpole, kavaa miwani, na juu ya miwani kavaa kioo cha kukuza. Alimwinua askari wangu, akamgeuza, akamgeuza tena. Akaniuliza, “Hii deraya umekusudia iwe ngozi, au ni haradali?” Naapa hakuwa na ubaya. Alitaka kujua kweli, aandike kwenye karatasi yake. Nyuma yangu mtu akacheka. Nikasema ni dhahabu. Akasema, “Aaa,” akaandika kitu, akasogea kwa mwingine.

Nilirudi kwa basi, askari wangu ndani ya kontena la chakula lililotandikwa sponji. Miezi mitatu sikugusa brashi. Nilikuwa nikipita karibu na meza yangu kama mtu anayemkwepa anayemdai. Hiyo miezi niiruke, haina cha kumfaa mtu.

Kilichonirudisha ni bangili. Mama Salma alikuwa anaosha vyombo, akaivua akaiweka pembeni ya sinki. Ni dhahabu ya karati 22, alipewa na mamake siku ya harusi yetu, Mombasa. Nikaichukua nikaiweka chini ya taa ya mezani. Nikatoboa tundu dogo kwa sindano kwenye kipande cha karatasi nyeupe, nikaanza kuitazama bangili kupitia lile tundu, sehemu moja baada ya nyingine, ili jicho lisione bangili bali lione rangi tu.

Nikakaa pale kama nusu saa. Niliona kahawia iliyokaribia weusi. Niliona wekundu wa giza, nikageuka, kumbe ni kanga yake. Chini kabisa kulikuwa na ukijani, sponji ya vyombo. Juu palikuwa na nukta nyeupe kali kama ncha ya sindano, moja tu. Na manjano? Yalikuwepo, ila kidogo, labda robo, tena ni manjano ya udongo, si ya ndizi mbivu. Nikatoa karatasi machoni na bangili ikarudi kuwa dhahabu tupu.

“Baba Salma, bangili yangu iko wapi?”

Nikamwambia subiri.

Kosa langu lilikuwa hapo, na ndilo la kila mtu anayeniandikia. Nilianza na manjano. Nikayatandaza kila mahali, nikachovya kahawia kidogo kwenye mifereji, nikapitisha weupe kidogo kwenye kingo. Hiyo si metali, hiyo ni nguo ya manjano. Nguo hubadilika polepole kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli. Metali huruka: giza totoro limekaa ubavuni mwa mwanga mkali na hakuna kinachowapatanisha. Tofauti ya giza na mwanga ndiyo inayosema “hiki kinang'aa”. Manjano yanasema tu “na ni dhahabu, si chuma”. Mimi nilikuwa nimeandika jina bila kuandika habari.

Kwa hiyo anza na giza. Mimi hutumia Rhinox Hide, ile kahawia nzito ya chapa ya rangi ya Citadel, nikaipaka deraya nzima. Ukitaka vivuli viwe na uhai, tia tone la zambarau kwenye giza. Kisha manjano ya udongo, zile rangi za familia ya okra (ochre), kwenye theluthi moja ya eneo au pungufu. Katikati yake manjano hafifu yaliyochanganywa na rangi ya pembe za ndovu, eneo dogo zaidi. Mwisho nyeupe tupu, nukta. Giza liwe kubwa kuliko unavyothubutu. Nasema tena, maana hamtanisikia: giza liwe kubwa kuliko unavyothubutu.

Kuna sababu ya kukaa kwenye kahawia na wekundu badala ya kuvuta vivuli kwa nyeusi. Dhahabu humeza mwanga wa bluu na kurudisha mwekundu na wa manjano. Kwa hiyo hata inapokuwa gizani, giza lake lina joto. Ukitia nyeusi ndani ya manjano utapata kijani cha bwawa, na hapo utaitwa haradali kama mimi.

Wapi uweke mwanga? Hili ndilo lililonichukua mwaka mzima, na siwezi kukupa mwaka wangu. Ila mguu na mkono ni mapipa: mwanga hukaa kama mstari unaoshuka kwa urefu wa pipa, na giza pande zote mbili. Bega na kofia ni mipira: nukta ya mwanga karibu na juu, giza chini yake, halafu chini kabisa mwanga hafifu uliorudishwa na ardhi. Huo wa chini watu huusahau, nao ndio unaoufanya mpira uzunguke. Upanga ni bapa mbili zinazokutana kwenye mgongo: bapa moja ikienda kutoka mwanga hadi giza, ya pili iende kinyume chake. Kingo zote zipate mstari mwembamba, na pale kingo mbili zinapokutana weka nukta nyeupe. Mimi huwa naizuia pumzi.

Ukimaliza piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama askari wako amekuwa kijivu kimoja kuanzia kichwani hadi miguuni, bado hujafanya kazi. Askari wangu wa 2022 nilimpiga picha hiyo baadaye. Alikuwa kama uji.

Kuhusu brashi nitasema moja. Acheni kununua vile vibrashi vyenye nywele tatu. Rangi hukaukia njiani kabla haijafika kwenye kisanamu. Chukua namba 1 au 2 yenye ncha nzuri, inabeba rangi ya kutosha na ncha inabaki ile ile. Punguza rangi kwa maji mpaka iteleze, tabaka nyingi nyembamba, uvumilie kila moja ikauke. Nimeharibu uso wa askari mzima kwa kukosa dakika tano.

Sasa wewe mdogo wangu wa Nairobi, umeniambia una kopo la dhahabu la Retributor Armour na huna mpango wa kuliacha. Usiliache. Kuna watu watakuambia rangi ya metali ni ya wavivu, na zamani nilikuwa mmoja wao, nikiwa na kiburi cha mtu aliyeitwa haradali. Rangi ile ina chembe ndogo ndani yake, ndizo zinazometameta. Shida yake ni kwamba chembe hazijui taa yako iko wapi. Humeta zikitazamwa upande huu, zikazima upande ule, na mara nyingine bega linang'aa pale pale panapotakiwa kuwa na kivuli. Leon Battista Alberti wa Italia alilalamikia jambo hilo hilo mwaka 1435 kuhusu wachoraji waliobandika dhahabu halisi kwenye picha zao: panapotakiwa giza panang'aa, panapotakiwa mwanga pana giza. Akasema anayeigiza miale ya dhahabu kwa rangi za kawaida anastahili sifa kubwa zaidi. Nilipolisoma hilo nilitamani kumpelekea yule mwamuzi.

Dawa ni kuziambia chembe mahali pa kukaa. Paka Retributor Armour juu ya praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kahawia au nyeusi. Ikikauka, mwagia Reikland Fleshshade, ile rangi ya majimaji ya wekundu wa kahawia, lakini usiiache itulie popote inapotaka. Ivute kwa brashi iende chini na kwenye mifereji. Rudia vivuli kwa kahawia ya kawaida isiyo na metali, iliyopunguzwa sana kwa maji. Kahawia hiyo inaua mng'ao kwenye kivuli, na ndicho unachotaka. Kisha rudi na Retributor Armour juu tu, kisha Liberator Gold, dhahabu yenye mwanga zaidi, sehemu ndogo zaidi, na mwisho Stormhost Silver kwenye ncha za kingo. Ndiyo, fedha juu ya dhahabu. Usiogope. Giza chini, mwanga juu. Ni somo lile lile la bangili.

Maji ya kuoshea brashi ya metali yawe kikombe chake. Mimi nilioshea pamoja, na kisanamu kimoja cha shetani wa kijani kikatoka na ngozi inayometameta kama msichana wa sherehe.

Na vanishi. Hapa bado kidonda kibichi. Mwaka jana nilikuwa na ngao nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka, metali halisi, tai katikati, kazi ya wikiendi tatu. Usiku wa kuamkia maonyesho nikasema niilinde. Nikashika kopo la vanishi isiyong'aa. Nikapuliza. Ndani ya sekunde chache tai yule akawa kama amechorwa kwa vumbi la saruji. Vanishi ya namna hiyo hutawanya mwanga, na metali bila mng'ao ni nini? Kama lazima upulize, tumia yenye mng'ao au ya nusu mng'ao. NMM haina tatizo hilo. Ukipuliza isiyong'aa ndiyo kwanza inapendeza, maana mng'ao wake wote ni uongo uliouchora mwenyewe.

Mwaka huu, Machi, nilirudi kwenye ukumbi ule ule na Custodes mwingine. Miezi minne nimemfanya huyu. Mwamuzi ni yule yule, kioo cha kukuza kile kile. Alimwinua, akamgeuza, akamweka chini. Akamwinua tena. Akapitisha ubao wa karatasi yake kati ya taa na askari, kuona kama mwanga utahama. Haukuhama, umechorwa. Hakusema neno na hakunikumbuka hata kidogo. Mimi namkumbuka mpaka harufu ya koti lake.

Nilipata nafasi ya pili. Dhahabu yangu ikapewa fedha, na mshindi alikuwa na joka, nani atashindana na joka. Kikombe kiko juu ya friji. Ndoto yangu bado ni Golden Demon, mashindano ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza visanamu hivi, yaliyoanza 1987, ambako mshindi wa jumla hupewa upanga wa kweli unaoshikika mkononi. Mama Salma amesema upanga huo ukija nyumbani utakata vitunguu.

Ninachowaomba vijana: acheni kuniandikia “Kaka nipe resipi”. Resipi nimewapa hapo juu na haina siri. Mnatazama video ya sekunde 30, mtu anapitisha brashi mara tatu deraya inawaka, mnaamini kuna rangi aliyonunua na nyinyi hamna. Mnanunua chupa kumi. Mimi pia nilinunua, ziko kwenye droo na nyingine zimekauka na vifuniko vyake. Hamjakaa nusu saa kukitazama kitu cha dhahabu. Nyumba gani ya kwetu haina hereni? Na kama haina, kijiko cha shaba kitakufaa, kichukue, kiweke chini ya taa, toboa karatasi.

Umeuliza pia, mdogo wangu, kuhusu mkuki wake, kwamba ubapa ni chuma na unataka ukae vizuri na dhahabu. Mpangilio ni ule ule, rangi ndiyo inabadilika. Chuma hurudisha mwanga wote karibu sawasawa, hivyo huchukua rangi ya kinachokizunguka: bluu ya kijivu upande unaotazama mbingu, kahawia kidogo upande unaotazama ardhi, nyeusi kati yake, nyeupe kwenye ukingo. Kwa sababu dhahabu ina joto na chuma kina baridi, kila kimoja kitamsaidia mwenzake. Ukimaliza nitumie picha, ila zima fleshi, na upige karibu na dirisha asubuhi.