Madume 300 hayatoshi, ongeza majike

Ndugu, umeuliza kwa nini usahihi wa uteuzi wa kijenomu (kuchagua ng'ombe wa kuzalisha kwa kusoma vinasaba vyao) umekwama wakati kundi rejea lako (wanyama wenye vinasaba na rekodi ambao makadirio huwategemea) lina madume 300 ya Jersey, aina ya ng'ombe wa maziwa. Ongeza majike. Pima vinasaba vya mitamba wote wa kila shamba kabla hawajazaa, kisha wakianza kukamuliwa pima maziwa kila mwezi, asubuhi na jioni. Ukipima walio bora tu, makadirio yatapinda. Denmark ilibadilishana data za madume wa Jersey na Marekani, usahihi ukapanda. Data za Holstein, aina nyingine ya ng'ombe wa maziwa, zitakusaidia kidogo mno. Halafu ficha rekodi za miaka 4 ya mwisho, kadiria upya, ulinganishe na matokeo halisi. Mteremko wa mstari wa matokeo halisi dhidi ya makadirio ukiwa chini sana ya 1, makadirio ya ndama wako yametiwa chumvi.