Udaktari anautaka, fizikia anaikimbia

SWALI: Shikamooni. Binti yangu yuko kidato cha pili. Anasema lazima awe daktari, na hapohapo anataka kuacha fizikia mwakani kwa kuwa "haipandi". Baba yake anasema bado mdogo, tusimsumbue. Ni mapema mno kuliongelea? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Si mapema, tena mmebakiwa na muda mfupi. Wazazi wengi husubiri kidato cha nne, kumbe kwa anayetaka kozi za afya uamuzi hufanyika pale shule inapomruhusu kuacha fizikia na kemia akiingia kidato cha tatu. Baiolojia kwa kawaida anabaki nayo, ndiyo maana mtoto hujiona bado yuko njiani.

Anzeni na kozi, mrudi nyuma. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, na inadai fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, yaani kombi (mchanganyiko wa masomo matatu) ya PCB. Stashahada ya utabibu au uuguzi ni miaka mitatu; inataka ufaulu wa walau masomo manne kidato cha nne, D inatosha, lakini fizikia, kemia na baiolojia ziwemo. CBG (kemia, baiolojia na jiografia) haina fizikia, ila kwenye udaktari haimfikishi.

Kabla ya kuamua, chukueni karatasi zake za majaribio matatu ya mwisho mkae nazo mezani. Alama zikipotea kwenye kukokotoa, angalieni vipimo: anayeweka gramu 250 kwenye fomula inayotaka kilo 0.25 hukosa jibu hata kama fomula ni sahihi. Hilo ni la mazoezi. Zikipotea kwenye maswali ya kueleza, mwambieni aeleze jambo lilelile kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, kinachomwangusha ni Kiingereza, fizikia anaielewa. Kwa maoni yetu, wengi wanaoitwa wabovu wa sayansi wako kundi hili.

SWALI: Nina divisheni ya pili ya kidato cha nne. Fizikia C, kemia D, baiolojia D. Nilijaza PCB. Nitachaguliwa?

JIBU: PCB usiitegemee, mdogo wetu. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4. Kwa vigezo vya TAMISEMI, wizara inayowachagua wanafunzi wa kidato cha tano, vya miaka ya karibuni, masomo matatu ya kombi hayatakiwi kuzidi pointi 10. Yako ni 3+4+4, yaani 11. Divisheni haikuokoi, kwa sababu yenyewe huhesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi.

Dirisha la kubadili Selform (fomu ya machaguo yako) likifunguliwa baada ya matokeo, weka mbele kombi inayotimiza hesabu hiyo. Ukijaziwa steshenari, soma kila chaguo mwenyewe kabla hakijahifadhiwa. Wale jamaa wana foleni. Ila kama moyo wako uko hospitalini, alama hizohizo zinakuruhusu kuomba stashahada ya utabibu sasa hivi.