Hesabu oda, si watazamaji peke yao

Mwenye duka unayemtengenezea matangazo ya mtandaoni akikuuliza video imetazamwa na wangapi, mjibu, kisha umpe na namba ya pili: oda ngapi zimetoka humo. Watazamaji ni kipimo chepesi. Mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video uliokuwa ukionyeshwa kwa watangazaji ulizidi ukweli, kwa sababu waliochomoka kabla ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu.

Ugumu wa kwetu ni kwamba mauzo mengi hayamalizikii kwenye tovuti. Mteja huona dera Instagram, huhamia WhatsApp, mkapatana bei, akalipa kwa simu, boda akapeleka mzigo. Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti, haioni lolote katika hayo. Hata anayebofya linki aliyotumiwa WhatsApp mara nyingi huingizwa kwenye fungu la "Direct", kana kwamba ameandika anwani mwenyewe. Basi usiharakishe kusema WhatsApp haileti watu.

Kila linki unayosambaza iwekee alama za UTM, yaani maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki kuonyesha mgeni katokea wapi, na ofisi nzima mkubaliane namna moja ya kuziandika. "WhatsApp" na "whatsapp" huhesabiwa kuwa vyanzo viwili, na ripoti ya mwezi huvurugika kwa ajili ya herufi kubwa tu. Linki za wa.me, zile zinazomfungulia mteja mazungumzo ya WhatsApp nawe, nazo ziwekee ujumbe ulioandikwa tayari, tofauti kwa kila tangazo: "Habari, naulizia dera la zambarau la Instagram." Anayepokea meseji atajua mteja katokea wapi bila kumhoji, na ataandika kwenye daftari la oda. Daftari hilo naliamini kuliko grafu yoyote.

Kisha gawanya gharama ya tangazo kwa idadi ya oda. Tuseme matangazo mawili yamekula shilingi 50,000 kila moja. La kwanza limeleta meseji 90 na oda 4, la pili meseji 25 na oda 8. La kwanza linapendeza kwenye ripoti, lakini kila oda yake imegharimu 12,500. Ya la pili 6,250. Hela ya wiki ijayo iende la pili. Ila kabla hujalizima la kwanza, zisome zile meseji 90, tena moja moja. Ukikuta karibu wote wameuliza bei kisha wakanyamaza, liandike upya ukitaja bei, halafu lijaribu kwa hela kidogo. Hapo utapata jambo ambalo namba pekee haziwezi kukwambia.

Na kuwa mwangalifu unapolinganisha miezi. Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo muuza nguo anayelinganisha Aprili na Aprili anaweza kudhani maudhui yamechuja, kumbe Idi imehama. Linganisha wiki za kabla ya Idi na wiki za kabla ya Idi. Kama una tovuti, pakua takwimu za Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu wanavyoipata tovuti yako wakitafuta, mara kwa mara uzihifadhi, maana huko hukaa miezi 16 tu, na Ramadhani ya mwaka juzi utaihitaji.