Maswali na Majibu: Nani Anamaliza Kumbukumbu ya Macintosh Yako?

Nina Macintosh ya zamani, kumbukumbu MB 4, mfumo endeshi System 7.1. Nimefuta fonti kibao lakini mfumo bado unachukua karibu nusu ya kumbukumbu. Kwa nini?

Fonti zinasingiziwa. Fonti haipakiwi nzima kwenye kumbukumbu; mfumo hufungua faili lake na kuweka orodha ya vilivyomo, basi. Maumbo ya herufi huletwa pale hati inapoyahitaji, na nafasi ikibana huondolewa. Nadhani imani kwamba fonti hula kumbukumbu ni urithi wa 1984. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya KB 128 na diski za KB 400, na diski hiyohiyo ilibeba mfumo, programu na kazi zako. Watu walipunguza fonti ili diski ipumue.

Mlaji hasa ni programu nyongeza, zile ambazo vijipicha vyake hujipanga chini ya kioo mashine inapowaka. Kila moja hujikatia kipande cha kumbukumbu ya mfumo na kukikalia mpaka uzime, uitumie usiitumie. Washa huku umeshikilia Shift mpaka uambiwe nyongeza zimezimwa. Ukiwa kwenye Finder (programu inayoonyesha mafaili na folda zako), fungua menyu ya Apple, chagua amri ya kwanza, kisha andika kwenye karatasi tarakimu iliyo kwenye mstari wa mfumo. Washa tena kawaida, ulinganishe. Pengo hilo ni la nyongeza, si la fonti. Kumpata mhusika, toa nusu ya nyongeza kwenye folda yao, washa upya, pima. Kisha gawa tena ile nusu yenye mlaji. Inachosha, lakini kubahatisha kunachosha zaidi.

Mbona baadhi ya fonti zangu hazionekani kwenye menyu?

Folda ya fonti ya System 7.1 haifungui mafaili zaidi ya 128. Bahati nzuri, sanduku moja la fonti (faili la kuhifadhia fonti) hubeba nyingi: yatoe masanduku nje ya folda, buruta moja juu ya jingine yaungane, uyarudishe.

Macintosh IIcx yangu ina kumbukumbu ya MB 20, lakini naambiwa mfumo unakula MB 14! Ni virusi?

Hapana. Mashine inafanya kazi kwa anwani (namba za kutambulisha sehemu za kumbukumbu) za biti 24, na hapo haiwezi kutumia zaidi ya MB 8. Zile 12 zilizobaki, kwa kukosa pa kuandikwa, huhesabiwa kwa mfumo. Toa 12 kwenye 14: mfumo wako unakula 2 tu. Kwa Mac nyingi dawa ni kuwasha anwani za biti 32 kwenye paneli ya kumbukumbu. Kwako chaguo hilo huenda halipo kabisa, maana ROM (chipu yenye programu ya kudumu) ya IIcx, kama ya II, IIx na SE/30, haikuandikwa kwa biti 32. Weka kwanza programu ya MODE32 ya kampuni ya Connectix, uwashe upya. Ndiyo, ni nyongeza pia, ila hii inalipa kodi yake.