Kumpima mgonjwa wa afasia bila kungoja aseme

Wengi mnaotoka vyuoni mnafika wodini huku Mtwara na karatasi ya MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwenye begi. Kwa mgonjwa wa afasia, yaani aliyepotewa na lugha kwa kuumia ubongo, iacheni humo humo kwanza. Kipimo hicho kilichotoka mwaka 2005, sawa na MMSE, mwenzake wa mwaka 1975, kina alama 30, na nyingi kati ya hizo hupita kinywani au sikioni: taja mnyama huyu, rudia sentensi hii, leo tarehe ngapi, kumbuka maneno haya. Mtu ambaye kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo kikaondoka na lugha yake ataanguka vibaya, hata kama asubuhi hiyo hiyo aliihesabu chenji aliyoletewa na mjukuu, akaona imepungua, akamrudisha dukani kwa ishara.

Ukiandika kwenye faili kwamba "uwezo wa kufikiri umeshuka sana", maandishi hayo hayaishii wodini. Mgonjwa ana mikorosho yake Tandahimba au Newala, msimu ukifika Oktoba kuna mzigo unaopelekwa chama cha msingi, na kuna ndugu wanaotaka kujua nani sasa ndiye muamuzi. Mstari wako mmoja unaweza kumvua mtu mzima sauti yake nyumbani.

Hatari inaanza tangu salamu. Utaingia useme, "Shikamoo babu," naye atakujibu "marahaba" safi kabisa, nawe utaandika kwamba anaelewa. Usiandike. Maneno ya mazoea, kama salamu, kuhesabu moja hadi kumi, au dua aliyoisoma tangu utotoni, mara nyingi hubaki yakitoka yenyewe hata lugha nyingine ikiwa imevurugika. Kutikisa kichwa nako kuna mtego wake: wazee wa huku wana adabu, mtu wa hospitali akiuliza jambo wanaitikia tu. Kabla ya kuitegemea "ndiyo" yake, muulize mambo ambayo jibu lake unalijua, na kila jambo uliulize kwa pande mbili, mbalimbali kidogo: "Kwenu Newala?" na baadaye, "Kwenu Kilwa?" Akiitikia yote mawili, weka maswali pembeni ushike vitu.

Sasa, jambo ambalo wageni hulipita haraka kuliko yote: kipimo kisichotumia lugha lazima kiwe na maelekezo yasiyotumia lugha. Nimewaona vijana wakitandika picha nzuri mezani, halafu wanamweleza mgonjwa kwa Kiswahili cha darasani nini cha kufanya, mgonjwa ambaye hata kabla ya kuugua alizoea Kimakonde nyumbani. Hapo unapima usikivu wake wa lugha kwa mlango wa nyuma. Fanya wewe mwenyewe swali la kwanza akiona. La pili likosee makusudi, tikisa kichwa, lisahihishe. La tatu, jepesi, mpe yeye. Akishindwa hata lile la mazoezi baada ya kuonyeshwa mara kadhaa, usimpe sifuri. Andika kwamba kipimo hakikufanyika kwa sababu maelekezo hayakufika. Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa.

Kati ya vipimo vilivyochapishwa, utakavyokutana navyo zaidi ni Matriksi za Raven za rangi: maswali 36, kila moja lina mchoro wenye pengo na vipande sita vya kuchagua. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole. Kabla ya kujumlisha alama, tazama majibu yake yamelundikana wapi. Kiharusi cha kushoto kinaweza kumnyima mtu uoni wa upande wa kulia, na utamkuta anachagua vipande vya kushoto tu kwa sababu vile vingine havioni. Sogeza karatasi, au vipange vipande wima mbele yake. Oxford Cognitive Screen, kipimo cha waliopata kiharusi cha mwaka 2015, imefanya hivyo tangu mwanzo: chaguo nyingi zinashuka wima katikati ya karatasi, na kazi zake nyingi hujibiwa kwa kidole. Kwa kumbukumbu ya muda mfupi kuna vipande tisa vya mbao vya Corsi. Unagusa vichache kwa mpangilio, naye anafuata. Ukiwa huna, fundi seremala yeyote atakukatia.

Hata hivyo, picha haiwi ya watu wote kwa kuwa tu haina maneno. Kuna kipimo cha mwaka 1992 cha kuoanisha picha, chenye maswali 52, ambacho kimepewa jina la swali lake mojawapo: piramidi ioanishwe na mti gani, wa familia ya mitende au wa nchi za baridi? Bibi wa Mikindani anajua minazi kuliko mtunzi wa kipimo, lakini piramidi ni ya nini kwake? Kwa uchunguzi wa kawaida mimi hutumia picha za hapa, kama vile mbuzi ya kukunia na nazi au embe, ndoana na samaki au kuku. Nasema wazi kwenye ripoti kwamba hizo si kipimo rasmi. Na mtu ambaye hakukaa darasani hata siku moja, michoro ya Raven yenyewe ni ngeni kwake. Alama za kulinganisha zilizochapishwa Ulaya usimbandike nazo.

Ndiyo maana napenda bao. Safu nne za mashimo manane, kete 64, na neno hata moja halihitajiki. Mkaribishe mzee aliyekuwa mchezaji acheze na mwenzake wa zamani, kwa mkono wa kushoto kama wa kulia umepooza, na saa yako iache mfukoni. Tazama kama anasubiri zamu, kama anatazama mbele kabla ya kula, kama anarudia shimo lile lile hata linapomgharimu. Halafu mwambie mwenzake apitishe kete isivyo halali. Mgonjwa akimshika mkono na kuzirudisha, umejua mengi kuhusu kanuni alizozishika na umakini wake. Muulize mwenzake pia: "Alikuwa anacheza hivi?" Bao halina alama za kuingiza kwenye jedwali, na mtu asiyelijua vizuri halimpimi chochote.

Kwa wasiocheza, chukua vizibo vya soda na vifuniko vya ndoo, vya rangi mbili tatu. Apange kwa rangi, wewe ukikubali kwa kichwa. Akishazoea, geuza kanuni kimyakimya ukubali kwa ukubwa. Mwenye uwezo wa kubadili atayumba kidogo kisha atashika mpya. Mwingine ataendelea na rangi ingawa unakataa kila mara. Huyo wa pili lazima mwalimu wa tiba ya lugha ajulishwe, maana mazoezi ya kubadili njia ya kuwasiliana yatamshinda yasipopunguzwa.

Nasema hivyo kwa sababu kuna kosa la upande wa pili: kuamini kwamba kila mwenye afasia akili yake ni nzima. Utafiti wa Rosemary Varley na wenzake Uingereza, mwaka 2005, ulionyesha wanaume watatu walioshindwa kuelewa nani amemtenda nani kwenye sentensi, lakini waliotambua kwamba kugeuza namba kwenye hesabu ya kutoa kunabadilisha jibu. Ni ushahidi mzito kwamba fikra zinaweza kusimama bila sarufi. Haina maana kwamba mgonjwa wa kitanda chako naye yuko hivyo. Kiharusi kikubwa kinaweza kugusa umakini na upangaji pamoja na lugha, na hilo utalijua kwa kupima tu.

Kwenye ripoti, taja alitumia mkono gani, alivaa miwani yake au la, saa ngapi, alichoka wapi, na aina ya makosa, siyo jumla peke yake. Pima asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na ndugu anayemuuguza akae nyuma yake asije akamwonyesha jibu kwa macho. Panga kumrudia kwenye kliniki baada ya wiki kadhaa kwa vifaa vile vile; wiki za mwanzo baada ya kiharusi hali hubadilika sana. Tarehe ya kurudi iwe nje ya wiki za mnada wa korosho, la sivyo atakosa wa kumleta.